Hakimu na Kuku Ndani ya Koti

Siku baba alipocheka kwa sauti nyumbani kwangu, mama alidhani anakata roho. Alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akamkuta muuza maziwa ameketi kwenye kigoda kando ya kiti cha baba, wote wawili wamegeukia runinga. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na sauti iliyokuwa ikimtoka ilifanana na ya mtu aliyekwamwa na tonge la ugali.

"Amepaliwa na nini?" mama akauliza.

"Hajapaliwa, mama. Mheshimiwa anacheka," muuza maziwa akasema.

Mama akabaki amesimama na mwiko wake. Kwenye runinga, mtu mrefu mwembamba, mwenye masikio makubwa na koti linalombana, alikuwa kizimbani akiapa kwamba hajawahi kuiba kuku maishani mwake, na kuku alikuwa akilia ndani ya koti. Kila alipoinua mkono kuapa, kuku alilia. Akishusha mkono, kuku ananyamaza. Hakimu wa kwenye filamu akamwuliza sauti hiyo ni ya nini, naye akajibu kwa adabu kwamba ni tumbo lake, hajala tangu jana. Baba akacheka tena. Nusu ya uso ilicheka, nusu nyingine ilibaki vilevile, kwa sababu kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia.

Mimi nilikuwa mezani nasahihisha madaftari. Baadaye niligundua kwamba mwanafunzi mmoja nilimpa alama mara mbili.

Baba alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo maisha yake yote ya kazi. Alihamishwa huku na huku ndani ya mkoa wetu. Alianzia kwenye mahakama moja huko bondeni, kwenye joto la Ziwa Rukwa, akamalizia Matai. Hakuwa mkatili. Alitupiga mara chache kuliko majirani walivyowapiga watoto wao. Ila alikuwa akirudi nyumbani na mahakama yake. Ukivunja sahani, ulisimama mbele yake ukaeleza ilivyokuwa, ukaulizwa maswali, halafu akatoa uamuzi pamoja na sababu za uamuzi. Mama alizungumza nasi Kifipa. Baba alizungumza Kiswahili cha mahakamani, hata alipokuwa anaomba chumvi. Akifurahishwa na jambo alitoa pumzi puani, mara moja, na hiyo ilitutosha kuwa siku ya sikukuu.

Kiharusi kilimpata miaka michache baada ya kustaafu, akiwa shambani anapalilia maharage. Mkono wa kulia ukaenda, mguu ukaenda, na maneno yakaenda. Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia kwamba mzee anaelewa kila kitu, ila njia ya maneno kutokea ndiyo iliyoharibika, na kwamba ikianza kufunguka yatatangulia yale yaliyozoeleka mdomoni: sala, nyimbo, salamu. Mimi ndiye niliyekuwa na chumba cha ziada Sumbawanga mjini, tena si mbali na hospitali, basi wakaja kukaa kwangu. Miezi mitatu ya kwanza baba alikuwa na neno moja tu, "hapana", na alilitumia kwa kila kitu, hata alipotaka chai.

Muuza maziwa alikuwa akiniletea maziwa mwaka mzima kabla ya hapo. Alikuwa Msukuma, mtu wa makamo, mwenye pikipiki na madumu mawili aliyoyafunga kwa mpira wa baiskeli. Asubuhi ya kwanza alipomkuta baba ameketi kibarazani anaota jua, amefunikwa blanketi, alizima pikipiki, akavua kofia.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Hapana," baba akasema.

Muuza maziwa akanigeukia. "Mwalimu, huyu ni baba yako?"

"Ndiye."

"Alinifunga miezi sita."

Alilisema kama mtu anayetaja shule aliyosoma. Akanimiminia lita zangu mbili, na alipokuwa anamimina akanieleza kwamba familia yao ilihamia bondeni na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, yeye akiwa na miaka ishirini, na msimu wa kwanza tu ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya mtu. Nilingoja hasira ije. Haikuja. Kesho yake alisogea karibu zaidi na kiti cha baba, akamsimulia habari za malisho. Siku ya tatu aliniuliza kama mheshimiwa anapenda filamu.

"Hajawahi kutazama filamu," nikamwambia. "Yeye ni taarifa ya habari."

"Mgonjwa na taarifa ya habari wapi na wapi," akasema, akaingiza mkono mfukoni, akatoa flashi. "Humu yumo yule jamaa wetu."

Nilimjua huyo jamaa wao. Wanafunzi wangu walikuwa wakimwigiza dawati la nyuma nilipokuwa naandika ubaoni. Katika filamu zake zote alikuwa mtu yuleyule: ametoka kijijini, ameingia mjini na koti la marehemu babu yake, na anapata kazi asiyoiweza. Mara ni mlinzi anayeogopa giza. Mara wamemdhania daktari, naye anaona aibu kuwakatalia. Mara ameingia harusini kwa ajili ya pilau, na kabla hajamaliza sahani wamemvisha suti ya bwana harusi. Nafundisha Kiswahili, na nilikuwa nimewaambia kidato cha tatu kwamba kazi hizo hazina kitu, zinamcheka mtu wa shamba ili mtu wa mjini ajione mjanja. Nilikuwa na msamiati mzima wa kuzidharau. Niliiruhusu ile flashi kwa sababu muuza maziwa alikuwa amesimama mlangoni na kumkatalia ingekuwa utovu wa adabu, na kwa sababu baba alisema "hapana", ambayo siku zile iliweza pia kuwa ndiyo.

Ndivyo ilivyokuja kesi ya kuku, na mwiko wa mama.

Kuanzia siku hiyo muuza maziwa aliifanya nyumba yangu kuwa kituo chake cha mwisho asubuhi. Madumu yakiwa matupu, aliegesha pikipiki, akaja kutazama filamu moja na baba, au nusu yake. Siku za Jumamosi nilikuwepo, nikawa nawatazama wao badala ya runinga. Niligundua kwamba baba hakucheka mtu yule alipoanguka. Alicheka kabla. Ndoo ikishawekwa karibu na kisima, baba alianza, na muuza maziwa akaanza, na hapo jamaa bado yuko upande wa pili wa uwanja anaongea na mbuzi. Mtu ambaye alikuwa akimkatiza shahidi anayerudia maneno alitazama filamu moja mara nne, na mara ya nne ndiyo aliyoipenda zaidi. Niligundua pia kwamba ndani ya filamu hizo kila mtu anapiga kelele, tajiri, mke wa tajiri, polisi, mchungaji, isipokuwa yeye. Anapigwa ufagio, anaanguka, anainuka, anapangusa magoti. Niliandika kwenye daftari sentensi kuhusu mgonjwa asiyeweza kuinuka anavyopenda kumtazama mtu anayeinuka kila mara, halafu nikaifuta, kwa sababu baba alicheka vilevile hata pale jamaa aliposhindwa kuinuka.

Kulikuwa na maneno mawili aliyoyasema kila filamu. Mambo yote yakishaharibika, nyumba imefurika, bibi harusi amekimbia, yeye hukaa chini, akajifuta uso kwa kiganja, akasema polepole, "Hapo nilikosea." Mji mzima ulikuwa ukiyasema. Ukimkanyaga mtu sokoni, alikusaidia kuyasema.

Asubuhi moja ya Jumamosi walikuwa wamerudia kesi ya kuku. Muuza maziwa alikuwa anacheka, na katikati ya kucheka akaanza kusema bila kumtazama baba.

"Unajua, mheshimiwa, siku ile ya kwangu hata mimi sikuwa mwizi wa kuku. Ng'ombe hawakuwa mikononi mwangu. Alikuwa anachunga mdogo wangu, akalala. Nikasema ni mimi, kwa sababu yeye alikuwa mwoga sana, na mama yetu asingelala usingizi kwa kumfikiria yuko mahabusu. Ulinitazama muda mrefu kabla ya kusoma hukumu. Nikadhani umejua."

Kwenye runinga kuku alikuwa ametoka, anaruka juu ya meza ya hakimu. Baba hakutazama. Mdomo wake ulianza kutafuta kitu, kama alivyofanya kila mara kabla ya "hapana", lakini ulichukua muda mrefu zaidi.

"Hapo," akasema. Akapumzika. "Hapo nilikosea."

Muuza maziwa akapiga paja. "Umemwiga mwenyewe kabisa," akasema, akacheka. Kisha kicheko kikamwishia. Aliangalia mikono yake, akaangalia madumu yake mlangoni, akasema kuna mteja upande wa Majengo hajapata maziwa, ingawa madumu yalikuwa matupu. Tulisikia pikipiki ikizunguka kona.

Mama alikuwa amesikia kutoka jikoni. Jioni tulikuwa tunachambua maharage, akaniambia kwa Kifipa, "Kwake amesema. Mimi nimekaa naye miaka arobaini na zaidi."

Nilimkumbusha maneno ya mtaalamu wa hospitali. Maneno yaliyozoeleka ndiyo yanayotoka kwanza, na baba alikuwa ameyasikia hayo kila siku kwa wiki kadhaa. Huenda yalitoka tu, kama kikohozi. Nilimweleza hayo kwa upole, lakini nilimweleza.

Mama akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Tutaona," akasema.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tuliporudi kanisani na kula, mama alizima runinga, akavuta kigoda mpaka mbele ya kiti cha baba, akakaa, akaweka mikono mapajani. Sikuwahi kumwona akikaa hivyo mbele yake. Akaanza kwa Kifipa, kwa sauti ya kawaida. Alimkumbusha cherehani aliyopewa na kaka yake, ambayo baba aliitoa kwa shangazi yetu bila kumwuliza.

Baba alimtazama. Mdomo ukatafuta. "Hapo nilikosea," akasema, kwa Kiswahili cha yule mchekeshaji.

Mama akaitikia kwa kichwa mara moja, kama karani aliyeandika. Akainuka akaenda kuosha vyombo.

Siku iliyofuata alileta habari ya maharage yaliyozidi chumvi, jinsi baba alivyomkosoa mbele ya wageni wa kutoka wilayani. Hapo nilikosea. Siku nyingine, bibi yetu alipokuwa anaumwa na baba akataka mama asubiri Jumamosi ndipo aondoke. Hapo nilikosea. Mimi nilisikiliza kutoka mezani na madaftari yangu, na nilianza kumhurumia mama, kwa kuwa niliona kilichokuwa kinaendelea: neno moja la kujibia kila kitu lilikuwa limeondoka na jingine limechukua nafasi yake. Nilikuwa karibu kumwambia aache.

Alhamisi akakaa kwenye kigoda, akasema, "Na yule mbuzi wangu wa madoadoa uliyemchinja bila ruhusa yangu?"

Baba akakunja nusu ya paji la uso. Akamtazama mama kwa muda, akanitazama mimi, akamrudia mama.

"Hapana," akasema.

Mama hakuwahi kuwa na mbuzi wa madoadoa. Upande wa uso wa baba uliobaki mzima ukaanza kutabasamu, na mama akaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia na upande wa khanga, halafu bila kujizuia, na baba akatoa ile sauti yake ya kukwamwa na ugali. Walicheka mpaka muuza mkaa aliyekuwa anapita akachungulia getini. Runinga ilikuwa imezimwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimekosea, lakini hakuna aliyeniuliza.

Ikabaki kesi moja. Nilijua ipo, na nilijua mama anaizunguka. Kabla sijazaliwa, mama alijifungua mtoto wa kiume kule Kaoze kwa wazazi wake, baba akiwa kazini mbali. Mtoto aliishi wiki tisa. Baba alipelekewa habari kwamba anaumwa, akajibu kwamba ana mashauri mpaka Ijumaa. Alifika Jumamosi, mtoto ameshazikwa. Hatukuwahi kulizungumza. Nililijua kutoka kwa shangazi.

Mama alilileta siku ya mvua, maziwa yakiwa jikoni yanachemka. Hakuongeza chochote, alisema tu, "Na yule wa Kaoze?"

"Hapo," baba akasema, na akakoma. Nilidhani amepumzika kama kawaida yake. Kumbe alikuwa ameyaacha yale maneno. Mdomo ulifunga, ukafungua, ukajaribu upande mwingine. Mkono wa kushoto ulishika kiti. Nilisikia maziwa yakifurika jikoni na kuungua juu ya mkaa, na hakuna aliyeinuka. Hatimaye baba akatamka neno ambalo sikulijua, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni jina la mtu. Lilikuwa jina la mtoto. Alilitamka tena, safari hii vizuri zaidi.

Mama alijifuta macho kwa kiganja, akainuka, akamwashia baba runinga, akaenda kusugua sufuria.

Baada ya hapo hakukuwa na kesi nyingine. Maneno yaliendelea kurudi, machache, bila mpangilio: maji, baridi, mlango, jina langu, neno "rufaa" ambalo hakuna aliyelihitaji. Muuza maziwa aliendelea kuja. Mama naye akaanza kukaa nao, akilalamika kwamba jamaa anakula vibaya na kwamba angekuwa mwanawe angemshonea koti la kumtosha. Nilikaa pia, siku nyingine na madaftari, siku nyingine bila. Sikubadilisha niliyokuwa nafundisha kidato cha tatu, ila niliacha kutumia maneno "hazina kitu". Bado nadhani nyingi ni mbaya. Sauti hazisikiki vizuri, na mwisho wa filamu huja ghafla kana kwamba betri ya kamera imekwisha.

Baba alifariki mwaka uliofuata, kiharusi cha pili, saa nne asubuhi, mvua za masika zikiwa zinaisha. Muuza maziwa alikuja msibani akiwa amefuatana na mtu mwenye mvi kumzidi yeye, mwenye macho ya woga, aliyesimama nyuma ya watu na kutupa udongo wake kaburini mwishoni kabisa. Hakunitambulisha naye. Mtu yule alipompa mkono mama aliinama sana, na mama akamshika kwa mikono miwili.

Mchekeshaji mwenyewe nilimwona mara moja. Alikuja Sumbawanga na kundi lake, wakafanya onyesho la mchana kwenye ukumbi karibu na soko. Mama alikataa kwenda. "Ninavyomwona kwenye runinga inatosha," akasema. Nilikwenda peke yangu, nikakaa katikati ya wanafunzi wangu ambao walijifanya hawanioni. Alikuwa mzee kuliko nilivyodhani. Alianguka kutoka kwenye kiti mara tatu, na mara ya tatu aliinuka kwa kushika goti, na watu wakadhani hiyo pia ni sehemu ya mchezo, wakacheka zaidi.

Onyesho lilipokwisha nilimngoja nje, kwenye mlango wa pembeni. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kumwambia kwamba kulikuwa na hakimu mstaafu, na kwamba maneno mawili ya kwenye filamu zake yalifanya kazi ambayo sisi wote hatukuiweza. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, kwa Kiswahili ambacho baba angekikubali. Akatoka na vijana wawili wamebeba spika, amevaa shati jepesi, amejikunyata. Upepo ulikuwa unashuka kutoka milimani.

"Pole na kazi," nikamwambia.

"Ahsante, dada," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, nzito kidogo. "Samahani, huku baridi ni hivi kila siku?"

"Huu ni mwezi wa sita. Wa saba ni zaidi."

Akatazama mawingu kama mtu anayeletewa habari mbaya. "Naweza kupata wapi sweta?"

Nilimwonyesha njia ya kwenda kwenye mitumba: avuke barabara, apite wauza samaki wakavu, aulize banda la mama mmoja anayeuza nguo za sufu. Akanishukuru mara mbili, akaenda akichechemea, na wale vijana wa spika nyuma yake. Maneno yangu nilirudi nayo nyumbani.

Mama alikuwa anapepeta ulezi uani.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Tumeongea kidogo."

"Amesema nini?"

"Anasikia baridi."

Mama aliweka ungo chini, akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyemlea vibaya. "Na wewe," akasema, "hukumkaribisha hata chai?"